Mpangaji na Bima ya Vyombo Vyake



Mliponialika mlinipa uhuru wa kuchagua jambo la kuzungumza, nami nimechagua jambo ambalo halisikiki sana katika mikutano yetu: bima ya vyombo vya mpangaji. Wengi wenu mliomo humu ni wapangaji, kama nilivyo mimi. Mtumishi leo yuko Songea, kesho amehamishiwa Musoma, na kila aendako hulala chini ya paa la mtu mwingine. Kwa hiyo mali yake si nyumba. Mali yake ni vile vilivyomo ndani: kitanda, makabati, jokofu, vitabu, cherehani, nguo za watoto.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikaa katika nyumba ya vyumba sita. Usiku mmoja moto ulianza katika chumba cha mwisho, ukapanda darini, na kwa kuwa dari ilikuwa moja kwa nyumba nzima, ukatutembelea sote. Kabla gari la zimamoto halijapata njia katika vichochoro vyetu paa lilikuwa limekwisha kuanguka. Nashukuru kwamba hakufa mtu. Mwenye nyumba alikuwa na bima ya jengo, kwa sababu benki iliyomkopesha ilimtaka awe nayo. Baada ya miezi kadhaa alilipwa, akaezeka upya. Sisi wapangaji tulipomwendea kuuliza fungu letu, alitutolea hati tukaisoma wenyewe. Hakutudanganya. Hati ilitaja kuta, paa, milango na madirisha. Jokofu la mwalimu wa chumba cha tatu, ambalo alikuwa amemaliza kulilipia mwezi uliotangulia, halikuwamo. Wala halikuweza kuwamo.

Nasema halikuweza kuwamo kwa sababu bima husimama juu ya msingi kwamba mtu hukatia bima kitu ambacho kikiharibika yeye ndiye atakayepata hasara. Hasara ya jengo ni ya mwenye jengo. Hasara ya vyombo ni yako wewe. Hivyo mpangaji anayejifariji kwamba nyumba anayokaa ina bima anajifariji kwa mali ya mwenziwe.

Tena kuna upande wa pili ambao wapangaji wachache wanaujua. Ikiwa moto umeanza kwa uzembe wako, tuseme umeacha pasi ikiwaka au mtungi wa gesi ukivuja, kampuni ya bima itamlipa mwenye nyumba, kisha yaweza kuingia katika nafasi yake na kukudai wewe fedha ilizolipa. Ndiyo kusema bima ya mwenye nyumba, licha ya kutokukinga, yaweza kukugeukia. Kwa sababu hiyo mpangaji mwenye busara huuliza kama hati anayouziwa inabeba pia dhima yake kwa watu wengine, yaani kwa mwenye nyumba na majirani. Sehemu hiyo aghalabu huongeza ada kidogo tu, nayo ndiyo inayoweza kumwokoa na deni asiloweza kulimaliza hata akistaafu.

Najua wako ndugu wanaoiona bima kuwa mchezo wa mabepari. Sikubaliani nao. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha shughuli za bima na kuzikabidhi kwa Shirika la Bima la Taifa. Ni Sheria ya mwaka 1996 iliyofungua tena mlango kwa makampuni ya watu binafsi. Serikali ya wakati ule haikuifuta bima. Iliichukua, kwa kuwa ilitambua maana yake: wengi wanachanga kidogo kidogo ili wachache watakaofikwa wasiangamie. Chama cha kufa na kuzikana mtaani kwenu kinafanya jambo lilo hilo. Tofauti ni kwamba moto ukiunguza mtaa mzima, wachangaji wote wa mtaa huwa wameungua pamoja, na hakuna aliyebaki na cha kumchangia mwenziwe.

Sasa nije kwenye kosa linalowaponza hata wasomi. Mtu mwenye vyombo vya shilingi milioni nane humwambia wakala kuwa vyombo vyake ni vya milioni nne, ili ada ipungue. Kisha jiko linalipuka, vyombo vya milioni mbili vinateketea, naye anakwenda ofisini akiamini kuwa atalipwa milioni mbili, maana ni ndogo kuliko nne alizoandikisha. Kama hati ina kipengele cha kugawana hasara, na hati nyingi zinacho, atalipwa milioni moja. Kampuni itamwambia: uliikatia bima nusu ya mali yako, basi nasi tunabeba nusu ya hasara yako, nusu nyingine ulichagua kuibeba mwenyewe. Katika hiyo milioni moja kutatolewa pia kile kiasi cha kwanza ambacho kwa mujibu wa mkataba kila mkata bima hujilipia. Hapo malalamiko huanza, na kampuni huitwa wezi. Katika jambo hili siwezi kumlaumu mwuzaji ila kwa moja, kwamba mara nyingi huona mteja anapunguza thamani naye akanyamaza, kwa kuogopa kumkosa.

Dawa yake si ngumu. Kaa jioni moja na mwenzi wako, pitieni chumba baada ya chumba, andikeni kila kitu na bei yake. Mtashangaa, wengi wetu hudhani hatuna kitu mpaka tunapoorodhesha. Pigeni picha kwa simu, hifadhini na risiti, na nakala muiweke kwa ndugu asiyeishi nanyi, kwa sababu orodha iliyoungua pamoja na kabati haimsaidii mtu. Halafu mwulize wakala swali hili: kitu kikiharibika mtanilipa bei ya kununua kipya, au thamani yake baada ya kutoa uchakavu? Kabati la miaka kumi kwa hesabu ya uchakavu huwa halibakizi fedha ya kununua hata mlango wake.

Jambo jingine ni majanga yenyewe. Hati ya moto ya kawaida hubeba moto na radi, na milipuko kwa kiasi fulani. Mafuriko, tufani na tetemeko la ardhi huongezwa kwa kutajwa. Wakazi wa bonde la Msimbazi wanaikumbuka Desemba 2011, na ndugu zetu wa Kagera wanaikumbuka Septemba 10, 2016. Kwa hiyo mpangaji wa Jangwani anayenunua hati isiyotaja mafuriko amenunua mwavuli wa jua. Na anayekaa bondeni ajue pia kwamba kampuni yaweza kumtoza zaidi au kumkatalia kabisa. Ni heri akataliwe mapema kuliko kugundua siku ya maji.

Kuhusu wizi, someni maneno kwa makini. Kampuni nyingi hulipa pale tu mwizi alipovunja ili kuingia, na zinataka alama za kuvunja zionekane. Katika nyumba zetu za ukumbi mmoja, ambapo mlango wa mbele hushinda wazi na redio hutoweka mchana kweupe, sharti hilo ni zito. Fedha taslimu, vito na hati muhimu navyo mara nyingi huachwa nje au huwekewa kikomo kidogo. Vilevile wale waliotakiwa kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo waulize kama hati hugharamia makazi ya muda iwapo nyumba haikaliki tena. Mtu aliyekwisha kulipa kodi ya mwaka hana fedha ya kupanga mara ya pili mwezi wa tatu.

Mkataba wa bima hudai ukweli kuliko mikataba mingine. Kama nyumba imeezekwa kwa makuti, sema. Kama mama watoto anauza mafuta ya taa au mitungi ya gesi uani, sema, hata kama ada itapanda. Jambo kubwa lililofichwa huipa kampuni sababu ya kukataa kulipa, na bidhaa za biashara kwa kawaida hazimo katika bima ya vyombo vya nyumbani hata kidogo.

Msimlipe mtu mfukoni kwa sababu ni jamaa. Makampuni, mawakala na madalali wa bima husajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Ulizeni usajili, daini risiti, na hati muisome kabla ya kutia sahihi. Likitokea la kutokea, piga 114 kwa zimamoto. Ikiwa ni wizi toa taarifa polisi upewe namba ya taarifa, kisha iarifu kampuni kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa katika hati. Usitupe mabaki kabla mkaguzi hajayaona. Na kampuni ikikataa dai lako bila sababu inayokuridhisha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na sheria hiyohiyo. Mpelekee barua ya kukataliwa pamoja na hati yako kabla hujafikiria gharama za mahakama.

Ndugu Mwenyekiti, nimekuja na hati yangu mwenyewe, nimeiweka hapa mezani. Anayetaka kuona kipengele cha kugawana hasara kinavyoandikwa kwa herufi ndogo aje aisome, kisha tuanze maswali.