Kipimo Kisichofuatwa na Dawa: Waliotoka Jela na Homa ya Ini C katika Delta ya Tana

Tumezoea kusema kwamba aliyetoka jela hajitokezi kupimwa homa ya ini aina ya C kwa sababu hana elimu ya ugonjwa huo. Tukishasema hivyo, tunaagiza mabango na mihadhara. Mada hii inashikilia kauli tofauti: mtu huyo ana sababu zake, na nyingi ni za haki. Ameweka kwenye mizani ugonjwa usiouma na aibu ya kujulikana, akaona aibu ndiyo itakayomdhuru kesho asubuhi. Hotuba haitamtoa katika hesabu hiyo. Atatoka siku atakapoona kipimo kinaleta tiba papo hapo, bila jina lake kusafiri kutoka kijiji cha Golbanti hadi mji wa Garsen kabla yake.

Tuutazame kwanza ugonjwa wenyewe. Kirusi chake kilitambuliwa 1989, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 wanaishi nacho. Husafiri kwa damu: sindano iliyotumiwa na mwingine, damu ya kuongezewa isiyopimwa, vifaa vya chale na tatoo, na kwa kiasi kidogo zaidi wembe. Hakiambukizi kwa kula sinia moja, kupeana mikono wala kulala mkeka mmoja, na neno hili linastahili kurudiwa katika kila nyumba inayompokea mtu aliyefunguliwa. Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote. Katika watu 10, kama 3 hivi miili yao hukifukuza yenyewe ndani ya miezi 6; waliobaki huweza kukaa nacho miaka 20 na zaidi, ini likijaa makovu kimyakimya, hadi baadhi yao tumbo lijae maji au saratani ianze. Sasa mfikirieni mtu aliye katika seli iliyofurika, anayenyolewa kwa wembe uliokwisha kupita vichwa vya wenzake. Damu iliyobaki kwenye makali haionekani kwa macho. Hana homa wala maumivu. Ana rufaa isiyosikilizwa, ana watoto ambao hajui nani anawalisha. Ugonjwa wa miaka 20 ijayo utapata wapi nafasi katika fikra zake?

Watafiti waliowahoji wafungwa wa Ireland, wakachapisha matokeo yao 2018, walikuta vikwazo ambavyo mtu yeyote anayelijua gereza atavitambua: kuogopa tiba, kutoamini kuwa siri itatunzwa, kuogopa kutengwa na wafungwa wenzao, na wasiwasi kwamba kuhamishwa au kufunguliwa kutaikatiza dawa katikati. Hofu ya tiba haikuzuka hewani. Kwa miaka mingi dawa iliyokuwapo ilikuwa interferoni, sindano za miezi 6 hadi 12 zilizoleta homa, uchovu na msongo mkubwa wa mawazo, na ambazo kwa wagonjwa wengi ziliponya kama nusu yao tu. Dawa hiyo imepitwa na wakati, nafasi yake ikachukuliwa na vidonge vya wiki 12, lakini simulizi za sindano hizo zimebaki, kwa kuwa habari za jela hupokezwa na wakongwe kwa wageni. Anayekataa tiba kwa sababu ya simulizi hizo anaamini jambo lililokuwa kweli. Kosa ni letu ambao hatujampelekea jambo jipya kwa namna anayoweza kuiona.

Na kwetu hapa, kulitilia shaka neno la gereza kuna chimbuko lake. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliozuiliwa wakati wa Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, kwenye mto huuhuu wa Tana. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kipigo. Siwafananishi maafisa wa magereza wa leo na askari wa kambi ile. Ninachosema ni kwamba mamlaka ya kufunga na mamlaka ya kutangaza nani anaumwa nini yakikaa katika mkono mmoja, mfungwa ana haki ya kuuliza faili lake linakwenda wapi. Swali hilo halijibiwi kwa kumwambia aache woga. Linajibiwa kwa kuliweka faili mikononi mwa idara ya afya ya kaunti, na kwa kumpima mtu mahali ambapo mwenzake wa seli hasikii anachoambiwa.

Watakuwapo wa kusema kwamba huu ni ugonjwa wa Malindi na Mombasa, wa vijana wanaojidunga unga wa heroini, na kwamba Delta ina malaria na mafuriko ya kutosha. Ni kweli kwamba unga umeiumiza zaidi miji ya pwani. Ndiyo maana Mradi wa Omari wa kuwasaidia watumiaji wa unga ulianzishwa Malindi 1995, na kliniki ya methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, ikafunguliwa huko 2015. Ni kweli pia kwamba katika utafiti mkubwa wa watu wanaojidunga nchini Kenya, uliochapishwa 2019, takriban 13 katika kila 100 walikutwa na alama za kirusi hiki. Lakini anayehukumiwa Garsen anaweza kujikuta katika gereza la Hola, la Malindi au la Shimo la Tewa, akalala ubavuni mwa mtu yeyote, kisha akarudi nyumbani. Na sindano si ya mateja peke yao. Misri ilifikia kuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani kwa sababu ya kampeni za serikali za kutibu kichocho, tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo sindano zisizosafishwa sawasawa zilipita kijiji hadi kijiji. Nasi wa Tana tunakijua kichocho. Misri hiyohiyo, kuanzia 2018, ilipotangaza kipimo cha bure kinachofuatwa na vidonge vya bure, watu walijitokeza kwa makumi ya mamilioni. Ni wananchi walewale, wenye hofu zilezile za zamani. Walichokiona mbele yao ndicho kilichobadilika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa sababu linatoka moyoni: kwa nini shilingi za umma zimtibu mhalifu kabla ya mama mjamzito wa Ngao? Kwa sheria, jibu ni fupi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, na kanuni ya 24 ya Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa inadai mfungwa apate huduma sawa na walio nje. Ila sheria peke yake haimtulizi mlipa kodi, kwa hiyo tuangalie kilichotokea Australia. Katika magereza manne ya New South Wales, wafungwa walipopewa vidonge vipya kwa wingi, maambukizi mapya ndani ya kuta hizo yalipungua karibu nusu. Aliyetibiwa ndani akapona hakutoka na kirusi. Mke na wadogo zake, na hata kinyozi wa mtaa wake, wamelindwa kwa vidonge ambavyo wao hawakuvimeza.

Kuhusu gharama, tusijadili bei ya juzi. Sofosbuvir, mojawapo ya vidonge hivyo vipya, ilipoingia sokoni Marekani 2013, dozi ya wiki 12 iliuzwa dola 84,000. Leo dawa zisizo za chapa za muda huohuo hununuliwa kimataifa kwa kama dola 60, na huponya zaidi ya watu 95 katika 100.

Kinachobaki ni mpangilio, na hapo ndipo ninapowaomba tuwe wagumu. Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni huonyesha kwamba mtu amewahi kukutana na kirusi, wala hakisemi kama bado anacho. Alama inayoonwa na kipimo hicho hubaki damuni hata baada ya kupona. Kumwacha mtu na jibu hilo nusu ni kumbandika jina bila kumpa njia. Asipimwe yeyote kabla hatujajua sampuli ya pili, ya kutafuta kirusi chenyewe, itapimwa wapi na vidonge vitatoka wapi. Anayefunguliwa katikati ya tiba apewe langoni dozi yake yote iliyosalia, kwa sababu tuliona jinsi mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya 2024 yalivyokata barabara za Delta, na hakuna mgonjwa atakayeogelea hadi kliniki kila mwezi. Wanaohofia kwamba vidonge vitauzwa maskani wakumbuke kwamba havilevyi wala haviondoi arosto. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho anahitaji kipimo kimoja cha kuthibitisha amepona, na hicho kifanyike Ngao au Garsen, katika foleni ya wagonjwa wote, kwa kadi isiyotaja gereza.