Bei ya Kuondoa Chumvi

Msikilizaji, lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, chumvi ikabaki sufuriani. Kinachonyweka ni ule mvuke ukinaswa na kupozwa. Ndiyo kazi ya kisanduku cha jua: beseni jeusi lenye maji kidogo, kioo kilichoinamishwa juu yake, na kijimfereji ukingoni cha kukusanya matone yanayoteleza. Mwaka 1872, huko Las Salinas nchini Chile, vyombo vya namna hii vilitoa zaidi ya lita 20,000 kwa siku kwa ajili ya nyumbu wa migodini. Lakini vilitandazwa kwenye mita za mraba zaidi ya 4,000, na hapo ndipo penye hesabu. Mita moja ya mraba, jua likiwaka vizuri, hutoa lita 3 hadi 5. Familia ya watu sita itapata maji ya kunywa kwa mita tano za mraba hivi. Ya kufulia na kuogea haitayapata.

Kwa hiyo nashikilia kwamba unafuu uko katika kuyagawa maji kwa kazi zake. Choo na kuoshea mashua, bahari yatosha kama ilivyo. Maji ya kunywa na kupikia ndiyo yanayostahili gharama, na hata hayo yaanze na mvua. Wapo watakaosema mvua haina uhakika. Kweli, ila milimita 100 juu ya paa la mita 40 za mraba ni lita 4,000. Hata robo ikipotea, zinabaki 3,000. Watu wa Lamu walijenga majabia, yaani matangi ya kukusanyia maji ya mvua, kwa sababu hiyo hiyo.

Wengine watauliza, kwa nini tusinunue mtambo wa sola wa kuondoa chumvi, kama uliowekwa Kiunga, pwani ya Kenya, mwaka 2018? Siupingi, mji mkubwa wenye ukame unauhitaji. Lakini kusukuma maji ya bahari kwenye utando wa kuchuja huhitaji shinikizo zaidi ya mara 50 ya lile la hewa, ilhali kisima cha chumvichumvi huhitaji mara 10 hadi 20 tu. Basi mtambo uanzie kisimani, na maji ya chumvi kali yanayobaki yasimwagwe karibu nacho. Utando huziba, pampu huchakaa. Kamati ya maji ikijiwa na mfadhili, imuulize kabla ya kutia saini: vipuri vitatoka wapi, na fundi atalipwa na nani baada ya mfadhili kuondoka?