Shehena Iliyokuwa Ikienda Beira

Tani 2,750 za amonia nitrati zilizolipuka bandarini Beirut tarehe 4 Agosti 2020 na kuua watu zaidi ya 200 zilikuwa zikipelekwa Beira, Msumbiji. Zilikwama, zikaachwa ghalani kwa miaka mingi.

Amonia nitrati ni chumvi inayoupa moto oksijeni, ndiyo maana Umoja wa Mataifa umeiweka daraja la 5.1: kibandiko cha njano, mwali juu ya duara. Masharti ya kuihifadhi ni mepesi, hayafai kupuuzwa: ghala lenye hewa, mbali na mafuta, unga wa mbao na joto. Moto ukizuka karibu nayo, yatakiwa maji mengi. Kuufunika hakuuzimi, kwa kuwa oksijeni imo ndani ya chumvi yenyewe.

Wakulima wa Afrika Mashariki huitumia ndani ya mbolea ya CAN, iliyochanganywa na chokaa kupunguza hatari.