Kipakatalishi Kikichoka: Kutengeneza, Kununua cha Mtumba au Kipya?

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha mafunzo ya teknolojia



Mada ya leo ni kipakatalishi, au laptopu kama wengi wanavyoiita, kilichozeeka. Katika nyumba na biashara nyingi kuna kimoja cha aina hiyo: kinachukua dakika kumi kuwaka, na stima ikipotea kinazima papo hapo. Hata hivyo, kazi zake hazijapungua. Ndicho kinachotunza hesabu za chama, kinachojaza fomu za HELB na kinachowasilisha ritani za KRA. Kikigoma usiku wa 30 Juni, mlipa kodi binafsi anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Ndiyo maana uamuzi ufanywe mapema, kabla mashine haijazima kabisa.

Wengi huanza na swali la bei: kipya ni pesa ngapi? Swali hilo lije mwisho. La kwanza ni hili: ndani ya mashine, ni nini hasa kilichochoka?

Mara nyingi ni diski. Vipakatalishi vingi vya zamani vina diski ya HDD, ambayo huzunguka na kuchelewesha kila kitu. Fundi akiiondoa na kuweka diski ya SSD, mashine ileile huwaka kwa muda mfupi zaidi. Kitu cha pili ni kumbukumbu ya RAM. GB 4 hulemewa upesi kurasa nyingi za intaneti zikifunguliwa, lakini GB 8 hutosha kazi za kawaida za ofisi. Kuna mashine nyembamba ambazo RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi na haiongezeki, hivyo fundi aulizwe kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Kitu cha tatu ni betri. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa umebaki chini ya nusu, betri ndiyo ya kubadilishwa, si lazima iwe mashine nzima. Betri iliyovimba isichajiwe tena wala kutobolewa, kwa maana ile ya lithiamu inaweza kushika moto.

Kitu cha nne hakionekani kwa macho, nacho ni usalama. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo bado zinawaka, ila zisipokuwa kwenye mpango maalumu wa nyongeza hazipokei marekebisho mapya ya usalama. Anayetumia mashine kama hiyo kuingia akaunti ya benki anajiweka hatarini. Ili kupokea Windows 11, kompyuta inahitaji kifaa cha usalama cha TPM 2.0, RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64 na prosesa iliyo kwenye orodha inayokubaliwa. Kwa prosesa za Intel, nyingi zinazokubaliwa ni za kizazi cha 8 kuendelea. Mashine isiyofikia hapo inaweza kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure na hufungua kurasa kama za eCitizen vizuri. Mwenye programu ya hesabu inayotaka Windows aijaribu kwanza kabla ya kuhama.

Baada ya ukaguzi huo, gharama ya matengenezo ilinganishwe na bei ya mtumba mzuri. Ikizidi nusu ya bei hiyo, ni afadhali kubadilisha mashine.

Mtumba wa kutoka ng'ambo, ambao wengi huuita ex-UK, unaweza kuwa imara kuliko kipya cha bei ya chini. Lakini mnunuzi asikubali kununua kilichofungwa kwenye karatasi. Akiwashe, aandike kwa kila kitufe cha kibodi, ajaribu kamera, Wi-Fi na chaja, na aache kifanye kazi nusu saa bila stima. Ahakikishe hakina nenosiri la BIOS la kampuni iliyokuwa ikikitumia. Akague pia kizazi cha prosesa, asije akanunua tatizo lilelile analolikimbia. Risiti iwe na namba ya mashine na muda wa waranti. Bei ya chini kupita kiasi isimfurahishe mtu: kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai chini ya sehemu ya 322 ya Sheria ya Adhabu.

Kwa anayenunua kwa lipa mdogo mdogo, hesabu ifanywe yote. Kwa mfano, malipo ya kwanza yakiwa shilingi 10,000, kisha shilingi 150 kila siku kwa siku 365, jumla ni shilingi 64,750. Ikiwa mashine hiyo inauzwa shilingi 45,000 taslimu, mkopo umegharimu shilingi 19,750. Kikundi kinachoweza kuweka akiba kwa miezi michache huokoa pesa hizo.

Hatimaye, kuna kile cha zamani. Mafaili yanakiliwe mahali pawili, kisha diski ifutwe kikamilifu kabla ya mashine kuuzwa au kupewa mtu. Mweka hazina anayehifadhi namba za vitambulisho na simu za wanachama akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa hizo. Kisichofaa tena kisichomwe wala kutupwa chooni, kwa sababu kina madini kama risasi yanayodhuru udongo na maji. Kipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye leseni ya NEMA.

Kwa hiyo kila nyumba au kikundi chenye mashine iliyochoka kianze wiki hii na mambo mawili: kunakili mafaili na kumwomba fundi akague diski, RAM na betri. Matokeo ya ukaguzi huo yaandikwe, na wenye mashine wakae pamoja kuyajadili kabla mtu hajakopa hata shilingi moja.