Majani ya Mlonge: Chakula chenye Manufaa, Si Badala ya Tiba

(Hotuba kwa waumini wa Nachingwea na Ruangwa)



Leo tunapenda kuzungumzia mti ambao wengi wetu tunaujua vyema, nao ni mlonge. Asili yake ni kaskazini ya India, lakini, kama mkorosho uliotoka Brazili, umekwisha kuwa mwenyeji kwetu.

Majani yake husifiwa kwamba yana antioksidanti. Maana yake ni nini? Mwili hutumia oksijeni kuunguza chakula ili upate nguvu. Katika kazi hiyo hutokea molekuli zisizotulia, zenye kudhuru seli zilizo jirani nazo. Antioksidanti ni vitu vinavyozituliza. Tazameni ndizi iliyomenywa: ikiachwa hewani hugeuka nyeusi, ikipakwa maji ya limau huchelewa kugeuka, na vitamini C imo miongoni mwa sababu zake.

Majani ya mlonge yana vitamini C, beta-karotini na kwesetini. Katika maabara, maji ya majani hayo hutiwa ndani ya kimiminika cha rangi ya zambarau, na rangi hiyo hufifia kuelekea manjano. Hiyo ndiyo dalili ya nguvu yake.

Lakini chupa ya maabara siyo mwili wa mwanadamu. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Finland uliohusu wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Kitu chenye manufaa ndani ya mboga kilileta madhara kilipomezwa peke yake kwa wingi.

Nasi wa Nachingwea tunalo funzo letu. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 kwa matumaini makubwa, kabla udongo na mvua havijapimwa vya kutosha. Mwaka 1951 ukaachwa. Sifa iliyotangulia kipimo huleta hasara.

Kwa hiyo, anayeambiwa na mchuuzi kwamba unga wa mlonge unaponya kisukari, shinikizo la damu au UKIMWI, kisha akaacha dozi ya hospitali, anaihatarisha roho yake. Na aliyemshawishi ana dhima mbele ya Mwenyezi Mungu.

Basi tuyale majani haya kama mboga. Tuyaanike kivulini, maana jua kali huharibu vitamini, na tuyapike kwa muda mfupi. Mwenye kutumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu amweleze daktari wake, kwa kuwa majani haya yaweza kushusha sukari ya damu. Mizizi na magome tujiepushe nayo, hasa akina mama wajawazito.

Kutafuta dawa tumefundishwa, na kusema kweli juu ya dawa ni amana.

Wabillahi tawfiq.