Farasi Wazee na Farasi Vijana Katika Njia Moja

Hotuba kwa vijana watakao kazi ya usaisi, na kwa kila mwenye hamu ya kupanda farasi.

Atokaye stendi ya Kawangware 56 akashuka kwa barabara ya Naivasha hata Dagoretti Corner, kisha akashika barabara ya Ngong kuelekea Karen, ataona upande wa kushoto kiwanja cha mashindano ya farasi kilichofunguliwa mwaka 1954. Kando yake uko Msitu wa Barabara ya Ngong, ambao ulitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932. Katika njia za msitu huo farasi hupandwa kwa matembezi, si kwa mashindano, nao hutoka kwa kufuatana, wazee kwa vijana, wapole kwa wakali.

Watu wengi hudhani ya kuwa farasi ni punda mkubwa. Sivyo. Watu wa Kawangware wamjua punda wa mkokoteni: akiogopa husimama na kukaza miguu, wala fimbo haimwondoi upesi. Farasi akiogopa hukimbia kwanza, ndipo atazame kilichomtisha. Tena ni mnyama wa kundi. Mmoja akishtuka, wenzake hushtuka naye hata kama hawakuona kitu. Basi farasi sita wakitoka pamoja, mmoja mwenye kiherehere aweza kuwaangusha wapandaji wote. Na barabara ya Southern Bypass, yenye malori mengi, imekatwa katika msitu huo huo. Farasi akikimbilia huko, si mpandaji wake peke yake aliye hatarini, bali na watu waliomo magarini.

Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya kiongozi hufanyika kabla ya mtu yeyote kupanda, nayo ni kupanga nani atangulie na nani afuate. Mbele huwekwa farasi mtu mzima, mtulivu, aliyekwisha kuona pikipiki, nyani na mifuko ya nailoni inayopeperuka. Nyuma yake huwekwa farasi kijana wa miaka minne au mitano, ambaye mifupa yake ya mgongo haijakomaa na meno yake ndiyo kwanza yanatimia. Huyo hujifunza kwa macho: mzee akipita penye maji bila wasiwasi, kijana naye hupita. Wapandaji wageni huwa katikati. Farasi mwenye tabia ya kupiga mateke hufungwa utepe mwekundu mkiani na kuwekwa mwisho kabisa. Kati ya farasi na farasi iachwe nafasi ya kumtosha farasi mmoja, kama mita mbili na nusu, maana farasi haoni kilicho nyuma yake hasa, na asichokiona hukipiga.

Yuko mmoja atakiwaye kuangaliwa kuliko wote, naye ni yule aliyestaafu mashindano. Farasi wengi wa kupandwa Nairobi walianza hivyo. Huenda alikimbizwa tangu umri wa miaka miwili, akafundishwa ya kuwa mwenzake akimpita ni lazima amfukuze. Mpandaji akimpita kwa mzaha, mashindano yamekwisha kuanza. Basi hapana ruhusa ya mtu kumpita mwenzake, na kiongozi asibadili mwendo kabla ya kupaza sauti hata wa mwisho asikie. Kwenye kijito, aliyevuka asiondoke. Hungoja hata wa mwisho avuke, kwani farasi akiona kundi linamwacha hujitupa majini bila kutazama.

Mwendo wa msafara ni ule awezao aliye dhaifu. Farasi wa miaka ishirini na miwili hutoka zizini viungo vikiwa vimekaza, na robo saa ya kwanza apaswa kutembea tu. Kijana, kinyume chake, hutoka kwa mbwembwe, lakini akili yake huchoka kabla ya miguu. Baada ya saa moja huanza kushtukia hata mawe. Ajabu ni kwamba mpandaji mgeni bado huchagua farasi kwa rangi yake! Saisi mwema humwuliza kwanza amewahi kupanda mara ngapi, naye akijisifu sana humpa yule mzee.

Yafaa kurudi kabla ya jua kuchwa. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua wengi kati ya wanaoupata, huenezwa na usubi, na usubi huuma sana tangu magharibi hata alfajiri. Farasi huchanjwa kila mwaka, lakini chanjo haiondoi haja ya kuwaingiza ndani mapema. Kilometa ya mwisho hutembezwa polepole ili jasho likauke. Zizini saisi hulegeza mikanda, huinua kila ukwato kutafuta mawe, na kupapasa migongo mahali tandiko lilipokaa. Yule mzee, ambaye meno yake yameisha, hupewa chakula kilicholowekwa maji, naye hulishwa peke yake, kwa kuwa yule kijana akiwekwa karibu atakimaliza chote.