Ulevi Unaofichwa Nyumbani



Katika kisiwa cha Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu, mlevi hanywi barazani. Hunywa tembo la mnazi huko shambani, au gongo gizani, na watu wa nyumbani kwake humsaidia kuificha siri hiyo. Mke husema mumewe ana homa. Mama mzazi hulipa madeni. Mtoto hufika skuli hana daftari, naye amekwisha kufundishwa la kujibu. Msimu wa karafuu fedha za kituo cha ZSTC huingia mkononi kwa mara moja, na ajabu ni kuwa nyumba kama hiyo aghlabu huzidi njaa wakati huo huo.

Aibu hii ina hatari nyingine isiyojulikana sana. Jamaa wakichoka humfungia mlevi chumbani ili aache kwa nguvu. Lakini mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka mingi haustahimili kunyimwa ghafla. Saa chache tu baadaye mikono hutetemeka na jasho humtoka; katika siku mbili za mwanzo aweza kuanguka kama mwenye kifafa; siku ya tatu aweza kusema na watu wasiokuwapo. Hapo husemwa kuwa amepandwa na jini, mganga akaitwa na ubani ukafukizwa. Wapo wanaokufa katika hali hiyo, ilhali madaktari wanazo dawa za kuituliza. Hapana anayekataza mgonjwa kusomewa dua; lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali.

Na hospitali zipo: Chake Chake, Wete, na ya Abdalla Mzee huko Mkoani. Maradhi ya akili yakizidi, ipo Kidongo Chekundu, Unguja. Mke aliyenyimwa matunzo anayo Mahkama ya Kadhi, wala si lazima adai talaka ndipo asikilizwe. Wapo pia maafisa wa ustawi wa jamii.

Mwalimu mara nyingi ndiye wa kwanza kujua, kwani mtoto husinzia darasani baada ya usiku wa makelele. Bakora haitamwamsha. Amwite pembeni, asimuulize babake amekunywa nini; amuulize jana alikula nini na alilala wapi. Kisha amtafute mama yake, bila ya kupita barazani.